Kadi haikuungua: kisa cha mizani ya miwa baada ya kuhamia Windows 11

Simu ilinikuta Kibuye, mjini Kisumu, Jumanne asubuhi, nikiwa nimeinamia printa ya mteja. Aliyepiga ni mwenye kituo cha kununulia miwa kwenye barabara itokayo Mamboleo kwenda Miwani. Siku hiyo hakuwa na salamu ndefu.

"Fundi, kompyuta haisomi mizani tangu Jumamosi. Naambiwa kadi imeungua na radi. Nitafutie nyingine, useme bei, nitume pesa saa hii."

Kadi aliyoitaja ni ile ya ndani ya kompyuta inayopokea waya wa mizani. Kabla ya kutaja bei nilimwuliza swali moja: tangu siku mizani iliposomeka mara ya mwisho, ni nini kimebadilishwa pale ofisini?

"Hakuna kitu, mzee. Ni Windows tu iliwekwa mpya."

Hiyo "tu" ndiyo iliyonipandisha matatu ya Mamboleo badala ya kunipeleka dukani kutafuta kadi. Nimeona kadi nzima zikitupwa na watu wakinunua nyingine za aina ileile, kisha tatizo likabaki palepale. Kwa hiyo nakieleza kisa hiki hatua kwa hatua, pamoja na mahali nilipokwama, kwa ajili ya fundi mwenzangu atakayekutana na jambo kama hili kesho.

Kwanza mazingira yenyewe. Kituo kina mizani ya magari, ile sakafu ndefu ya chuma ambayo trekta hupanda na tela lake. Chini ya sakafu kuna vihisi vya uzito, na waya wake unaingia ofisini hadi kwenye kisanduku chenye tarakimu nyekundu. Trekta hupimwa mara mbili, likiingia na mzigo na likitoka tupu, na tofauti ya hapo ndiyo miwa ya mkulima. Kisanduku hutuma uzito kwa kompyuta kwa kebo ya siriali, kwa kiwango cha RS-232, ambacho kimekuwapo tangu 1960 na bado kinatumika kwenye mizani na mashine za maabara kwa sababu ni rahisi na ni kigumu kuharibika. Kompyuta nyingi za leo hazina poti hiyo. Ndiyo maana ndani ya kompyuta ya pale kuna kadi ya nyongeza, kadi fupi ya PCI Express yenye poti mbili za pini 9.

Nilipofika, matrekta tisa yalikuwa yamejipanga kwenye udongo mweusi wa tambarare za Kano uliolowa mvua ya usiku. Karani, mama wa makamo aliyefanya kazi pale miaka mingi, alikuwa akisoma tarakimu nyekundu na kuziandika kwa mkono kwenye kitabu chenye kaboni. Alinionyesha ukurasa wa Jumatatu. Kisanduku kilikuwa kimesoma 18,460. Yeye aliandika 14,860. Tarakimu mbili zilibadilishana nafasi, na kilo 3,600 za mkulima zikapotea. Bahati ni kwamba mzee mwenye miwa alikuwa amechungulia dirishani na kuisoma namba kwa macho yake.

"Mwanangu, mimi sikumwibia," karani aliniambia kwa sauti ya chini. "Mkono ulichoka."

Nilimwamini. Nikaona pia kwamba huku kukawia hakuhusu kompyuta peke yake. Muwa ukishakatwa hupoteza maji na utamu kila saa unapokaa juani, na foleni inaposonga polepole hasara inamwangukia aliye mwisho wa foleni.

Sasa turudi nyuma kwa yaliyofanyika kabla yangu. Mhasibu wa kituo alikuwa amesisitiza wahame kutoka Windows 10, kwa kuwa msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025 na kompyuta hiyohiyo ndiyo inayotumika kuwalipa wakulima kupitia benki na simu. Alikuwa sahihi. Kompyuta yenyewe ilifaa: Core i5 ya kizazi cha 8, RAM ya GB 8, diski ya SSD. Kijana mmoja fundi, mtu mwenye bidii, alihifadhi data yote, akafomati diski, akaweka Windows 11 safi, akarudisha programu ya mizani pamoja na faili lake la mipangilio. Kisha akachukua sidii iliyokuja na kadi na kuweka draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Draiva ikaingia bila malalamiko. Ndani ya Device Manager, ile orodha ya vifaa vya kompyuta, hata hivyo, kadi ikabaki na pembetatu ya njano.

Akajaribu kama wengi wetu tungejaribu. Aliitoa kadi, akasugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, akaihamishia sloti nyingine, yaani tundu jingine la kadi. Pembetatu ikabaki. Usiku wa Ijumaa kulikuwa na radi, kama ilivyo kawaida ya mvua za huku kwetu, na hapo likaja jibu lililoonekana wazi: kadi imeungua.

Lakini ndani ya maelezo yake mwenyewe mlikuwa na ushahidi unaopinga jibu hilo. Kadi ilihamishwa kutoka sloti moja hadi nyingine na ikaonekana tena kwenye sloti mpya. Maana yake kompyuta iliiuliza "wewe ni nani?" na kadi ikajibu. Kila kadi ya PCI hubeba namba zake, nne za mtengenezaji na nne za kifaa. Ukiona 8086 ujue ni Intel, 10EC ni Realtek, 10DE ni NVIDIA. Upande wa kadi unaozungumza na mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta, ukiwa umekufa, hutaziona namba hizo na mara nyingi hutaiona kadi kabisa. Kwa hiyo sehemu hiyo ilikuwa hai. Kilichobaki bila ushahidi ni upande wa pili, ule wa pini 9, ambao kweli radi hupenda kuupiga kwa sababu ndio ulioshikana na waya mrefu wa kwenda nje.

Nilianza na kinachopimika bila kugusa kompyuta. Nilichomoa kebo nyuma ya kadi, nikashika mita. Kwenye kichwa cha pini 9, pini ya 2 ndiyo ya kompyuta kupokelea, ya 3 ni ya kutumia, na ya 5 ni ya ardhi. RS-232 hutumia volti kati ya 3 na 15, chanya au hasi, na laini inapokaa kimya huwa hasi. Nikaweka waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 2 na mweusi kwenye la 5. Mita ikasoma hasi, na haikutulia: ikawa inachezacheza kati ya hasi 5 na hasi 7. Huko kuchezacheza ndiko nilikokuwa nakutafuta. Kisanduku kilikuwa hai na kilikuwa kinatuma data bila kupumzika. Kebo pia ilikuwa nzima hadi mwisho wake. Dakika tatu zilitosha kuondoa nusu ya watuhumiwa.

Kisanduku chenyewe sikukifungua, na namwomba fundi yeyote asikifungue. Kina muhuri wa mkaguzi wa vipimo chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513. Ukiukata muhuri ule ili "kuangalia tu", mizani haitumiki tena kwa biashara hadi ikaguliwe upya, na hapo utakuwa umefunga kituo kizima.

Kisha nikafungua Device Manager na kubonyeza ile pembetatu. Hapa ndipo haraka inapowaponza wengi wetu. Pembetatu ya njano ni taa tu, taarifa iko kwenye namba iliyo ndani. Namba 28 husema hakuna draiva. Namba 52 husema saini ya kidijitali ya draiva haithibitiki. Namba 43 husema kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu, na hapo ndipo unapoanza kuihofia kadi. Sisi tulikuwa na 39: Windows imeshindwa kupakia draiva, huenda imeharibika au haipo. Kijana alikuwa ameisoma, akaiweka draiva upya mara nne akidhani sidii imekwaruzika.

Draiva haikuwa imeharibika. Ilikuwa imezuiwa. Nilifungua Event Viewer, ambako Windows huandika matukio yake, nikaingia kwenye daftari la CodeIntegrity, lile la Operational, na tukio namba 3087 lilikuwa limejirudia kila mara kompyuta ilipowashwa, likitaja jina la faili la draiva yetu. Namba hiyo ina maana moja: draiva hii haipatani na ulinzi wa kumbukumbu unaoitwa "Memory integrity" kwenye skrini ya Windows Security.

Nilimweleza yule kijana, ambaye alikuwa amekuja na kusimama nyuma yangu bila kinyongo, na naeleza tena hapa. Kumbukumbu ya kompyuta imegawanywa kurasa. Ukurasa mmoja unaweza kuwa wa kuandikwa, mwingine wa kutekelezwa kama maagizo. Hatari huja ukurasa uleule unaporuhusiwa yote mawili, kwa sababu mdukuzi anaweza kuandika maagizo yake humo kisha kiini cha mfumo kikayatekeleza kama yake. Ulinzi huu hutumia uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine ndani ya mashine ili kukataza jambo hilo kabisa. Draiva za zamani, hasa zilizoandikwa enzi za Windows 7, ziliomba kumbukumbu ya kuandikika na kutekelezeka kwa pamoja hata pale ambapo hazikuihitaji, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa kawaida. Draiva ya kwenye sidii yetu ilikuwa na tarehe ya 2012. Saini yake ilikuwa halali na ndiyo maana iliingia bila kelele. Iliponaswa ni wakati wa kupakiwa.

Swali la kijana lilikuwa zuri: mbona kwenye Windows 10 ilifanya kazi miaka yote? Kwa sababu ulinzi huo haukuwa umewashwa kwenye mfumo ule. Windows 11 ikiwekwa safi kwenye kompyuta yenye prosesa ya kutosha, RAM ya GB 8 na SSD, huuwasha yenyewe. Angepandisha mfumo bila kufomati, huenda ungebaki umezimwa na kadi ingeendelea kufanya kazi. Kwa hiyo usafi wa kazi yake ndio uliolifichua tatizo, na nilimwambia hivyo mbele ya mwenye kituo, kwa sababu hakustahili lawama aliyokuwa amebebeshwa.

"Basi omera, tuuzime tu huo ulinzi," kijana akasema. "Swichi si ndiyo hii?"

Swichi ilikuwa pale, na ingefanya kazi. Dakika tano, kuwasha upya, matrekta yasonge. Sikulaumu wazo hilo. Kwa kompyuta isiyoguswa na intaneti wala flashi, inayofanya kazi moja tu, na ambayo draiva mpya haipatikani popote, mimi mwenyewe ningeizima na kuandika kwenye karatasi kwamba nimeizima na kwa nini. Lakini kompyuta ile inalipa wakulima. Madereva huleta flashi zao pale kuchapisha barua. Walihama mfumo wa zamani kwa ajili ya usalama, kisha sisi tuondoe ulinzi ule siku ya nne kwa ajili ya faili moja la 2012? Nilimwomba mwenye kituo saa moja ya kutafuta draiva mpya kabla ya kufikia hapo. Akatazama foleni, akatazama saa, akasema, "Saa moja, fundi. Si mbili."

Kutafuta draiva kwa jina la kadi ni kupoteza muda, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu tovuti zinazodai kuwa na kila draiva ndizo zinazoingiza uchafu kwenye kompyuta za watu. Jina lililo kwenye sanduku ni la aliyeifungasha kadi. Anayejua draiva ni aliyetengeneza chipu. Nikafungua sifa za kadi, sehemu ya maelezo, nikanakili zile namba nne na nne kwenye karatasi. Kisha, ili nisiamini skrini peke yake, nikazima kompyuta, nikachomoa waya wa umeme, nikaitoa kadi na kuielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

Ilikuwa kadi ndogo ya kijani, fupi kuliko kiganja, yenye vumbi jekundu la barabarani kwenye kona zake. Chipu kubwa ya mraba katikati ilikuwa na maandishi yaliyofifia hata nikailamba ncha ya kidole na kuisugua yakaonekana. Karibu na poti kulikuwa na chipu mbili nyembamba, kila moja ikihudumia poti yake. Hizo ndizo zinazogeuza volti ndogo za kadi kuwa volti za RS-232, na ndizo hufa radi inapopita. Niliziangalia kwa kioo cha kukuzia. Hakuna uvimbe, hakuna alama nyeusi, hakuna harufu. Si ushahidi kamili, lakini ulinitia moyo. Maandishi ya chipu kubwa yalilingana na zile namba.

Nikaunganisha intaneti ya simu yangu, nikaingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa chipu mwenyewe. Draiva mpya ya Windows 11 ilikuwepo, faili dogo tu, bandali haikuisha. Kama isingekuwepo pale, hatua yangu ya pili ingekuwa katalogi ya Microsoft Update, ambayo hukubali kutafutwa kwa zile namba nane.

Kabla ya kuiweka niliondoa ya zamani, na sikuishia kwenye kadi tu. Windows hutunza nakala ya kila draiva iliyowahi kuwekwa, na inaweza kuirudisha ile ya zamani siku kadi inapohamishwa sloti. Niliandika pnputil /enum-drivers kwenye dirisha la amri, nikaipata draiva ya 2012 ikiwa imepewa jina la oem na namba yake, nikaifuta kwa /delete-driver pamoja na /uninstall. Nikawasha upya. Nasema kuwasha upya, si kuzima na kuwasha, kwa maana Windows inapozimwa kwa kawaida huhifadhi sehemu ya hali yake na kuirudia asubuhi. Kisha nikaweka draiva mpya. Pembetatu ikatoweka, na chini yake zikazaliwa poti mbili.

Karani alipiga makofi. Nilifungua programu ya mizani. Chini kwenye kona ikaandika kwamba poti iko sawa. Mahali pa uzito palikuwa patupu.

Trekta lilipanda mizani. Kisanduku kikasoma kilo elfu kumi na kitu. Skrini tupu. Likashuka. Skrini tupu. Mwenye kituo hakusema neno, alitazama tu saa ya ukutani, na kijana akanong'ona kwamba basi ni kweli, poti zimeungua. Nami nilisita. Tulikuwa na kadi inayotambulika, draiva inayopakiwa, programu inayosema poti iko sawa, na kimya kabisa. Ukifuata dalili hizo juu juu, zinakuelekeza kwenye zile chipu mbili nyembamba.

Mfukoni nina kichwa cha kike cha pini 9 ambacho nimeunganisha tundu la 2 na la 3 kwa waya mfupi uliochomelewa. Ukikichomeka nyuma ya poti, kile kadi inachotuma kinairudia yenyewe. Nilikichomeka kwenye poti ya juu, ile iliyokuwa na kebo ya mizani, nikafungua PuTTY, programu ya kuandika na kusoma moja kwa moja kwenye poti. Nikaangalia Device Manager nipate namba ya poti ya kuandika, na hapo ndipo nilipoona.

Poti za siriali Windows huziita COM na namba yake. Poti za kadi yetu zilikuwa COM4 na COM5. COM3 ilikuwepo, lakini haikuwa yetu. Ilikuwa poti ya siriali ya kubuni inayoletwa na teknolojia ya usimamizi ya Intel, inayoitwa SOL, ambayo humwezesha msimamizi wa mtandao kuiona kompyuta akiwa mbali kana kwamba ameshika kebo. Kompyuta nyingi za ofisi zilizotumika, zinazoingia nchini kutoka ng'ambo, huwa nayo. Na faili la mipangilio ya programu ya mizani, lililorudishwa kwa uaminifu kutoka Windows 10, lilisema COM3.

Programu haikudanganya. COM3 ilifunguka vizuri kabisa. Upande wa pili wa COM3 hapakuwa na mizani, basi.

Jinsi ilivyotokea ni jambo ambalo ningependa kila fundi alielewe, maana hitilafu ya pili ilizaliwa na ya kwanza. Kwenye Windows 10, ile poti ya Intel haikuwahi kuwekewa draiva. Ilikaa miaka yote kwenye orodha kama kifaa kisichojulikana, karani aliikumbuka alama yake ya njano, na kwa kuwa haikuwa na draiva haikushika namba. Kadi yetu ikachukua COM3. Kwenye Windows 11, masasisho ya mtandaoni yalileta draiva ya Intel siku ileile ya kwanza. Wakati huo kadi yetu ilikuwa imezuiwa na ile 39, poti zake hazijazaliwa, kwa hiyo COM3 ilikuwa wazi. Aliyewahi akaichukua. Tulipoifungulia kadi njia siku ya nne, namba yake ilikuwa na mwenyewe.

Nikaandika COM4 kwenye PuTTY, kasi 9600. Nikabonyeza herufi: m, i, w, a. Zikatokea kwenye skrini moja baada ya nyingine. Nikachomoa kile kichwa, nikabonyeza tena, hakuna kilichotokea. Sehemu zote mbili za jaribio ni muhimu, kwa sababu herufi zikitokea hata bila kichwa, basi ni programu inayojiandikia yenyewe na hujathibitisha chochote. Nikarudia kwa poti ya chini, COM5. Nayo ilikuwa nzima. Radi ya Ijumaa haikuwa imegusa kitu.

Nikarudisha kebo ya mizani, na mistari ikaanza kumiminika kwenye skrini:

ST,GS,+ 010720kg

Mstari mmoja juu ya mwingine. Kwa kisanduku hiki, ST ni uzito uliotulia na GS ni uzito wa jumla. Dereva aliposhuka kwenye trekta, ST ikageuka US kwa muda mfupi, uzito usiotulia, kisha ikarudi ST ikiwa na kilo 80 pungufu. Karani alicheka akasema dereva huyo anakula vizuri kwa mama yake.

Kilichobaki ni kugawa namba upya. Ningeweza kubadilisha faili la mipangilio liseme COM4, na wengi wangefanya hivyo. Niliona afadhali kuirudisha kadi kwenye COM3, kwa sababu kijitabu cha programu, karatasi iliyobandikwa ukutani na kumbukumbu ya karani vyote vinasema COM3, na siku mtu mwingine atakapokuja usiku bila mimi atafuata karatasi. Nikaihamishia poti ya Intel kwenye COM9, kisha ya kadi kutoka COM4 hadi COM3. Nikaandika amri ya mode, inayoorodhesha poti, kuhakikisha, nikawasha upya mara mbili, namba zikakaa. Ulinzi wa kumbukumbu ulikuwa bado umewashwa, na daftari la CodeIntegrity halikuwa na tukio jipya.

Kijana aliuliza kama isingekuwa rahisi kununua kigeuzi cha USB, kile kinacholeta poti ya siriali kupitia tundu la USB, na kuachana na kadi. Kama dharura, ndiyo, nami hubeba kimoja. Kwa pale sikupenda, maana kigeuzi kikichomekwa tundu jingine kinaweza kupata namba nyingine ya COM, na ofisini mle kila mtu anachomoa USB ili achaji simu. Kadi mpya nayo isingesaidia: ingekuwa na chipu ileile ingeletwa na sidii ya aina ileile, tungeona 39 ileile, na tungesema radi imepiga mara mbili.

Hatukuamini trekta moja. Kwa matrekta kumi yaliyofuata, karani alisoma tarakimu nyekundu kwa sauti, kijana akasoma skrini, mimi nikaweka alama kwenye karatasi. Yote kumi yalilingana, yakiingia na yakitoka. Ilikuwa saa tisa na robo. Mwenye kituo aliniambia saa moja yangu ilikuwa ndefu kidogo, akaagiza samaki.

Tulipomaliza kula, kijana alikaa na karani wakaingiza kwenye programu tiketi zote za mkono za tangu Jumamosi, wakizilinganisha na daftari la getini ambako askari huandika namba za magari. Tiketi ya mzee wa 18,460 ilichapishwa upya, na karani akaomba apewe yeye mwenyewe aipeleke, kwa kuwa mzee anakaa karibu na kanisa lao. Mimi niliweka draiva mpya kwenye flashi moja, nikaandika namba nane za kadi, tarehe, na poti ya kila kifaa kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati.

Sidii ya zamani ilikuwa bado kwenye droo, ndani ya bahasha yake, pamoja na risiti za dizeli. Karani hakutaka itupwe. Nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika juu yake: "Isitumike kwenye Windows 11." Akaipuliza wino ukauke, akairudisha kwenye bahasha, akafunga droo kwa ufunguo.